Limfosaiti zinazotisha bure

Sampuli ya kijana wa miaka 19: homa, koo limejaa usaha, tezi za shingo zimevimba. Mashine imehesabu seli nyeupe 16,000 kwa mikrolita, zaidi ya nusu limfosaiti (seli nyeupe zinazopambana hasa na virusi), kisha ikaweka alama ya tahadhari. Hapo ndipo mashine inaponiachia kazi.

Napaka slaidi, naitia rangi, naiweka chini ya hadubini. Limfosaiti ya kawaida ni kidude cha duara, karibu yote kiini. Hizi ni kubwa, zimelegea, ute wake wa buluu, yaani sehemu inayozunguka kiini, umetanda. Ikigusana na seli nyekundu, inabonyea na kuikumbatia, na pale zinapogusana buluu inakolea. Mgeni wa kazi hii atasema ni saratani ya damu, na mimi mwenyewe zamani nilishashtuka hivyo. Sasa naangalia kama zinafanana. Seli za lukemia kali mara nyingi zinafanana kama wanafunzi waliovaa sare. Hizi ni abiria wa daladala: moja ina kiini kama figo, nyingine kimekunjamana, nyingine ute umejaa vitundu.

Cha ajabu, nyingi ya hizo siyo zenye ugonjwa. Ugonjwa ninaoushuku ni mononyukliosisi, na mara nyingi chanzo chake ni kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho, kilichoonekana mara ya kwanza London mwaka 1964 katika seli za uvimbe zilizotoka Uganda, huingia kwenye limfosaiti B, zile zinazotengeneza kingamwili. Hizi kubwa ninazoziona ni limfosaiti T zilizotumwa kuziua hizo B. Yaani kinachotutisha ni askari, mwizi kajificha.

Jina nalo linapotosha. Madaktari Sprunt na Evans walipouita ugonjwa huu mononyukliosisi mwaka 1920, walimaanisha seli zenye kiini kimoja kisichogawanyika vipande. Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, hazihusiki, ingawa kila mwaka mwanafunzi mmoja lazima aniambie zimepanda.

Siku za mwanzo slaidi inaweza isioneshe kitu. Wiki ya pili au ya tatu ndiyo limfosaiti hizi zinajaa, neutrofili (seli nyeupe za kupambana na bakteria) na chembe sahani (za kugandisha damu) zikishuka kidogo, kisha limfosaiti hizo zinapungua taratibu kwa wiki kadhaa.

Kwenye ripoti siandiki jina la ugonjwa. Kirusi cha saitomegalo na VVU vya siku za mwanzo vinaweza kutoa sura hiihii. Naandika "limfosaiti tendaji, zaidi ya asilimia 10", naomba kipimo cha kingamwili na cha VVU, halafu nampigia daktari simu kumwambia sijaona blasti, zile seli changa za lukemia.