Shokapu haibebi gari

Ukipita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta vipuri, hukosi kusikia ushauri huu: gari limelala, badilisha shokapu. Ni imani ya siku nyingi, ila si sahihi. Uzito wa gari unabebwa na springi. Zikichoka au kukatika, gari litakaa chini hata kama shokapu ni mpya kabisa.

Shokapu kazi yake ni kutuliza springi. Gurudumu likiingia shimoni, springi hujikunja kisha hujikunjua, na ikiachwa peke yake gari lingedunda kama mpira. Ndani ya shokapu kuna pistoni yenye matundu madogo, iliyozama kwenye oili. Oili hupenya kwa shida, nguvu ya mdundo inageuka joto, gari linatulia. Ndiyo maana baada ya barabara mbovu shokapu huwa ya moto.

Kinachochanganya ni muundo wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani wa miaka ya 1940: springi imevishwa juu ya shokapu, zikaonekana kitu kimoja. Magari madogo mengi ya Dar yako hivyo mbele.

Likilala upande mmoja, kagua springi kwanza. Likiendelea kudundadunda baada ya tuta, hapo shokapu ndiyo mshukiwa, na zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia.