Kisu cha Mguuni, Mkasi wa Kifuani

Majuzi kijana mmoja wa Nairobi alipanda boti yetu pale Nyali, Mombasa, amejifunga kisu mguuni, kirefu kama cha kuchinjia mbuzi wa Idi. Nahodha akamtazama, akanitazama na mimi, kisha akauliza kwa upole: "Huyu yuwaenda kuzamia ama yuwaenda vitani?" Kijana alicheka na wenzake, ila baadaye akanijia kando. "Mwalimu, kwani chini si lazima mtu awe na kisu?"

Nilimjibu kwa maneno mawili kwa sababu tulikuwa twavaa mitungi ya hewa. Jibu refu ndilo hili.

Mimi hubeba kifaa cha kukatia kila ninapoteremka, hata kama ni mita nane za maji yaliyotulia. Lakini si kisu kile, na wala si kwa ajili ya papa. Wageni wengi huwaza papa. Papa wa kukutana nao huku nje kwetu ni wa kumtafuta kwa tochi, na ukimpata atakukimbia. Ninachokihofia mimi hakina meno: ni mshipi, yaani uzi wa kuvulia samaki.

Nje ya mwamba, kuanzia Nyali hadi Shanzu, watu huvua kwa mshipi mchana na usiku. Ndoana hunasa kwenye tumbawe, mvuvi huvuta, mshipi hukatika, na pima kadhaa za nailoni hubaki pale pale. Nailoni haiozi. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu, utaiona ikimeta kwenye jua. Kusi likishika na maji yakachafuka, huioni mpaka ikuguse. Juu ya hiyo kuna vipande vya jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia, vilivyochanika, na kamba za maboya ya madema, mitego ya samaki ya kusukwa. Hifadhi ya Taifa ya Baharini ya Mombasa ilitengwa mwaka 1986 na uvuvi ndani yake hauruhusiwi, lakini nyavu zilizopotea huingizwa na mkondo kutoka nje.

Mambo yalinikuta kwenye Dania. Kwa asiyeijua, hiyo ni meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002, kaskazini ya mji, iwe makazi ya samaki na mahali pa kuzamia. Imekaa kwenye mchanga, kama mita 30. Samaki wamehamia, na walipo samaki mishipi haikosi; imejizungusha kwenye reli kama uzi kwenye kibiringo. Siku hiyo naongoza wageni wawili. Nikapita chini ya reli moja, nikahisi kitu chanivuta nyuma ya kisogo, taratibu tu, kama mtoto anavyovuta kanzu ya babake akitaka peremende. Nikafanya kosa ambalo kila siku nawakataza wanafunzi wangu: nikageuka kutazama. Mshipi uliokuwa umeshika koki ya mtungi ukazunguka bega. Nikageuka tena, ukashika mkono wa kushoto. Kisu changu siku hizo kilikuwa mguuni, upande wa nje, kama cha yule kijana. Mkono wa kulia ukashuka hadi kwenye paja, na hapo ukakomea.

Aliyeniokoa ni mgeni wangu, mama wa makamo ambaye juu ya boti alikuwa akitapika kwa mawimbi. Alikuja polepole, akanishika bega nitulie, akauondoa mshipi kwenye koki kwa vidole viwili. Hakukata chochote. Nadhani haikufika nusu dakika.

Ukitaka kujua kwa nini nusu dakika ni jambo kubwa, piga hesabu. Mtungi wa lita 12 wenye baa 100 (kipimo cha msukumo) zilizobaki una hewa lita 1,200. Mtu mtulivu hupumua kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 30 msukumo ni mara nne, kwa hiyo zinakuwa lita 80: ana dakika 15. Sasa mpe hofu, moyo udunde, apumue lita 50. Pale chini ni lita 200 kwa dakika, na zile 15 zimekuwa sita. Hofu imekula zaidi ya nusu ya hewa yake kabla mshipi haujamfanya lolote.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachofundisha kuhusu kukata ni kutokata. Ukihisi umeshikwa, simama hapo hapo. Usizunguke, usipige mapezi. Vuta pumzi ndefu, kisha rudi nyuma kidogo ulikotokea, maana mara nyingi ndoana au mshipi hujiachia wenyewe ukilegezwa. Mwite mwenza kwa taa au kwa kugonga mtungi. Yeye anauona mgongo wako, wewe huuoni. Kukata kunafuata hayo yakishindikana. Na kuvua jaketi la hewa, lile linaloshika mtungi mgongoni, ili uutazame mtungi ni jambo la mwisho kabisa, kwa waliolifanyia mazoezi bwawani, tena si mara moja.

Sasa ukate kwa nini? Baada ya ile ya Dania nilifanya majaribio uani kwetu. Nilinunua mishipi ya unene tofauti, ile kamba ya plastiki ya buluu ya maboya, kipande cha jarife, na waya mwembamba ambao wavuvi wa nguru huuweka karibu na ndoana ili samaki asiukate. Nikafunga ncha moja ya kila kimoja kwenye mguu wa kitanda cha kamba na kuiacha nyingine ining'inie, kwa kuwa chini ya maji hakuna wa kukushikia kamba ikaze. Mama aliuliza kama nimerogwa.

Kisu kikubwa kiliaibika. Mshipi uliolegea hakiukati, kinausukuma tu. Ili ukatike ni lazima uukunje kwenye kiganja na kuvuta kisu kuelekea kwako, kulikojaa mipira ya kupitishia hewa. Mahali pake pazuri ni kamba nene, kama makali yana meno ya msumeno. Kile kidude kidogo chenye mdomo uliopinda na wembe ndani yake, kama cha kukatia mkanda wa gari, kilipita kwenye nailoni na jarife bila kelele, na kidole hakiingii mdomoni. Kamba ya buluu nayo haikuingia, na waya ulikishinda. Mkasi wa wauguzi, ule wenye ncha butu wa kukatia nguo za majeruhi, ulikata vyote. Kamba ya buluu uliitafuna zaidi kuliko kuikata, lakini ilikatika. Makali mawili yanakutana yenyewe, hayangoji kitu kikazwe.

Basi mimi nina mkasi kwenye mkanda wa kifuani na kile kidude kiunoni. Vyote viwili mkono wa kulia unavifikia na wa kushoto unavifikia. Hapo sina mjadala na mtu: kama mkono mmoja tu ndio unaofika, huna kifaa. Jaribu ukiwa umekaa kitandani, macho umefumba, glavu umevaa. Toa, rudisha, badilisha mkono.

Wako wanaopinga, na hoja yao ninaielewa. Mtu mwenye kisu huanza kuchokoza chaza na kujishikiza kwenye matumbawe. Kule Cozumel, Meksiko, hifadhi imekataza wazamiaji kubeba visu na glavu. Mkasi wa ncha butu hauchokozi kitu, na hilo ni sababu nyingine ya kuupenda. Ila ukienda pahali penye sheria kama hiyo, uliza kwanza ni nini kinachoruhusiwa.

Huku kwetu kuna suala jingine ambalo vitabu vya mafunzo havilisemi. Ami yangu alikuwa mtega madema wa Likoni. Dema moja husukwa kwa siku kadhaa, na kamba ya boya lake ikikatwa, dema ndilo limekwenda. Kwa hiyo ukinaswa na kamba ambayo juu yake kuna boya, hiyo si takataka, ni riziki ya mtu. Jinasue kwa subira. Ikibidi kabisa kukata, funga ncha pamoja ukiweza, kisha mtafute mwenyewe ufukweni umwambie. Nimeshakwenda mara moja. Nilitukanwa kidogo, nikakaribishwa kahawa.

Mabaki yaliyotupwa kateni, myapandishe juu. Jarife zima lililolala kwenye mwamba liacheni. Kulinyanyua ni kazi ya timu yenye mafunzo yake, na limekwisha kunasa samaki wakubwa kuliko nyinyi.

Neno la kutu. Suuza kwa maji baridi ya bomba, kausha, pakaa Vaseline kwenye bawaba. Mkasi wa bei ndogo haudumu, nami sasa nina wa tatu. Wa kwanza uligandana ndani ya mfuko wake nisijue, nikagundua siku kamba ya boya letu wenyewe iliposokotana na rafadha, nahodha anakunja uso, na mimi nauvuta mkasi kwa mikono miwili.