Je, wajua sokwe wa Gombe walipimwaje virusi bila kuchomwa sindano?

Sisi tukienda kupima HIV ni kutobolewa kidole tu, tone moja, unakaa kwenye benchi moyo unadunda unasubiri majibu. Sasa sokwe wa Gombe, ile hifadhi ya Kigoma unayoifikia kwa boti kutoka Kibirizi, nani atamshika kidole? Ukimpiga sindano ya usingizi akiwa juu ya mti anaweza kuanguka afe, na wenzake waliozoeshwa watu tangu mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika 1960 wataanza kuwakimbia.

Jibu ni mavi. Ndiyo, mavi na mkojo.

Kila jioni sokwe anajitandikia kitanda kipya cha matawi huko huko mtini, asubuhi akiamka cha kwanza ni haja, kama wewe tu. Wafuatiliaji wako chini wanasubiri, mkojo wanaufyonza kwenye majani, mavi wanachota kidogo wanatia kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia vinasaba visiharibike, basi hata bila friji sampuli inafika maabara ng'ambo iko poa. Ndivyo kundi la mtafiti wa virusi Beatrice Hahn, wakati huo akiwa chuo kikuu cha Alabama huko Marekani, lilivyompata sokwe wa Gombe mwenye SIV, yaani kirusi cha sokwe kinachofanana na HIV yetu, wakatangaza 2002.

Maabara wanatafuta vitu viwili. Kwanza kingamwili, wale askari ambao mwili unawatengeneza ukivamiwa, wengine wanapenya mpaka kwenye mkojo na choo, na wakikutanishwa na protini za HIV wananasa maana SIV na HIV ni ndugu. Pili vinasaba vya kirusi chenyewe, vinarudufishwa mara mamilioni kwa PCR (ile tuliyoisikia sana kipindi cha korona) mpaka vionekane. Halafu choo hicho hicho kina chembe za utumbo wa mwenyewe, kwa hiyo inajulikana ni cha nani, dume au jike, hakuna kuchanganya majibu.

Kilichonishangaza mimi ni kwamba zamani ilidhaniwa kirusi hiki hakimdhuru sokwe, kumbe walipofuatiliwa miaka 9 hapo Gombe, utafiti wa 2009 ukaonyesha walioambukizwa wana hatari ya kufa iliyo kubwa mara 10 hadi 16 kuliko ya wenzao wa umri huo huo.

Na kabla hujaanza kusema UKIMWI ulitokea Kigoma: hapana. HIV-1 iliyoenea duniani asili yake ni sokwe wa kusini mashariki mwa Kameruni. Hawa wetu ni tawi lingine, na kirusi chao hakijawahi kukutwa kwa binadamu.