Ufanisi wa gharama za dawa na kanuni za malipo

Ufanisi wa gharama ni uwiano kati ya fedha za ziada zinazotumika kwa tiba mpya na afya ya ziada anayoipata mgonjwa, ikilinganishwa na tiba iliyokuwapo. Nchini Uingereza uwiano huo hupimwa na taasisi ya NICE, iliyoanzishwa mwaka 1999, na kipimo chake cha afya ni mwaka mmoja wa maisha yenye afya kamili, hivyo kwamba anayeongezewa miaka miwili yenye nusu ya afya huhesabiwa amepata mwaka mmoja. Kwa miaka mingi dawa ilihesabiwa kuwa inafaa ikiwa mwaka huo uligharimu pauni 20,000 hadi 30,000, na dawa ikishapendekezwa, huduma ya afya ya taifa, NHS, hulazimika kuigharamia.

Wengi huuchukulia uwiano huo kama sifa ya dawa yenyewe. Kwa kweli ni sifa ya dawa pamoja na masharti ya kuilipia.

Bortezomib, dawa ya saratani ya uboho iitwayo mayeloma, inalionyesha hilo vizuri. Mwanzoni NICE ilielekea kuikataa kwa sababu ya bei, lakini mwaka 2007 ikaikubali, kwa sharti kwamba mgonjwa apimwe damu baada ya mizunguko isiyozidi minne ya matibabu. Protini inayotolewa na saratani hiyo ikiwa imepungua kwa nusu au zaidi, matibabu yaliendelea kwa gharama ya NHS. Isipopungua kiasi hicho, yalisitishwa na mtengenezaji akarejesha gharama ya dawa iliyotumika.

Tuchukue hesabu ya kubuni. Wagonjwa 10 wanapewa dawa ya pauni 20,000 kila mmoja, wanne tu wanapata nafuu, na kwa pamoja wanaongezewa miaka mitano yenye afya kamili. Bila sharti lolote, kila mwaka umegharimu pauni 40,000, na dawa inakataliwa. Fedha za wale sita zikirudishwa, gharama inashuka hadi pauni 16,000, ingawa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepona zaidi ya hapo awali.

Ranibizumab, sindano ya ugonjwa wa retina unaowapata wazee, ilipitishwa mwaka 2008 kwa njia nyingine: NHS ilipie sindano 14 za mwanzo kwa jicho linalotibiwa, na zinazozidi hapo zigharamiwe na mtengenezaji.

Masharti ya namna hii yanahitaji kazi ya kuyatekeleza, na mara nyingi kazi hiyo haionekani kwenye hesabu. Lazima mtu ahesabu sindano jicho kwa jicho, majibu ya maabara yafike kwa mfamasia kwa wakati, na madai yapelekwe kwa mtengenezaji. Hospitali ikisahau kudai, imelipa bei ileile ambayo NICE iliiona ni kubwa mno.