Aurora za Kaskazini na za Kusini Si Pacha

Dhoruba ya Jua ikitangazwa, watu huniuliza kasi yake. Mimi hutazama kwanza uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme utokao kwenye Jua, umeelekea wapi. Upepo wa kilomita 700 kwa sekunde unaweza kupita na anga la Tromsø, kaskazini mwa Norwe, likabaki na aurora hafifu tu, yaani ule mwanga wa rangi wa usiku karibu na ncha za Dunia. Wa kilomita 400, uga wake ukielekea kusini kwa saa kadhaa, ukaliwasha usiku kucha.

Upande wa mchana, uga wa Dunia huelekea kaskazini. Uga wa upepo ukija umeelekea kusini, mistari ya nyuga hizo mbili hukatika zinapokutana, kisha ule wa Jua ukaunganika na ule wa Dunia. Mwanafizikia Mwingereza James Dungey alieleza jambo hili mwaka 1961. Mistari iliyofunguka huburutwa juu ya ncha zote mbili hadi mkiani, yaani sehemu ya uga wa Dunia iliyonyooshwa na upepo upande wa usiku, na huko nishati hulimbikizana. Mkia ukielemewa, mistari huungana tena, na elektroni husukumwa kuelekea Dunia. Zikigonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, tunaona kijani. Juu ya 200, nyekundu. Mei 2024 uga ulielekea kusini kwa nguvu na kwa muda mrefu, na aurora ikapigwa picha hata Meksiko na Afrika Kusini.

Mstari uliofungwa, yaani ule ambao ncha zake zote mbili ziko Duniani, una mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, kwa hiyo ungetarajia mbingu mbili zifanane. Mwaka 1967 na 1968 ndege zilirushwa kwa wakati mmoja, moja upande wa Alaska na nyingine kusini mwa New Zealand, na kwa sehemu kubwa zikakuta hivyo. Lakini uga wa upepo huja pia na sehemu ya ubavuni, iendayo mashariki au magharibi, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Huongeza shinikizo upande mmoja wa mkia kaskazini na upande wa pili kusini, na umbo zima likapinda kama turubai lililovutwa pembe zinazopingana. Miguu ya mstari uleule huachana, pengine kwa saa nzima ya majira ya mahali, yaani kama digrii 15 za longitudo.

Si uga peke yake, lakini. Tarehe 12 Mei 2001 setilaiti mbili ziliona madoa makali ya aurora alfajiri upande wa kaskazini na jioni upande wa kusini. Nikolai Østgaard na Karl Laundal, watafiti wa Bergen, Norwe, waliyahusisha na mikondo ya umeme kati ya vizio viwili (nusu ya kaskazini na ya kusini ya Dunia), kimoja kikiwa kinaelekea kiangazi na kingine majira ya baridi.

Kuna jambo ambalo wengi hulitarajia kinyume: mistari ya mkiani inapoungana upya kwa kasi, mpindo huo hupungua. Kwa hiyo aurora ikipamba moto, ndipo kaskazini na kusini hukaribia kulingana.