Tiketi Imeandikwa 2PC, Hizo Kilo 46 Umezisoma Wapi?

Juzi mteja niliyemkatia tiketi ya ndege alinipigia simu akiwa amechutama sakafuni kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, mabegi yamefunguliwa wazi, unga na viatu vimetapakaa, watu kwenye foleni wanamruka. Begi moja lilikuwa na kilo 30, la pili kilo 16. "Si zote ni 46? Si ndivyo ulivyoniambia?" Sivyo nilivyomwambia. Nilimwambia mabegi mawili, kila moja lisipite kilo 23. Huyu alikuwa wa nne mwezi huu, nami nimechoka kufundisha hesabu kwa simu na kaunta imebakisha dakika arobaini ifungwe. Acha niandike mara moja, kisha nitakuwa nawatumia. Vichwa vyenye alama za nukuu ni maneno yao, majibu ni yangu.

"Kilo ni kilo, mradi jumla haijazidi"

Mashirika ya ndege huhesabu mizigo kwa njia mbili, na balaa lote huanzia kwa kuzichanganya. Njia ya kwanza ni ya uzani. Unapewa jumla, tuseme kilo 30, nawe unazigawa kwenye begi moja au mawili upendavyo. Njia ya pili ni ya vipande. Hapo unapewa idadi ya mabegi, na kila begi lina kikomo chake peke yake. Kwenye vipande hakuna jumla. Ile 46 haipo kwenye kompyuta ya kaunta, haipo kwenye masharti, haipo popote isipokuwa kichwani mwako. Kwa macho ya mhudumu, begi la kilo 30 limezidi kwa 7, na lile la kilo 16 lina nafasi ya kilo 7 ambayo umeamua kuiacha bure. Hakuna anayekufidia nafasi uliyoiacha.

Utajuaje uko kwenye njia ipi? Soma tiketi. Si ujumbe wa M-Pesa wa malipo, si picha ya skrini uliyomtumia shangazi, tiketi yenyewe. Chini ya kila safari kuna sehemu ya mizigo. Ukiona 1PC au 2PC, hivyo ni vipande. Ukiona 30K, huo ni uzani. Ukiona 0PC au NIL, hujapewa begi la kuingia tumboni mwa ndege hata moja, na haijalishi kwamba mwaka jana shirika hilohilo lilikupa mawili. Siku hizi ndege moja, viti vinavyofuatana, abiria watatu wanaweza kuwa na ruhusa tatu tofauti kwa sababu walinunua nauli tatu tofauti. Mtu akiniambia "lakini binamu yangu alibeba mawili", huwa namuuliza kama atasafiri na tiketi ya binamu.

Wengine wanaona huo ni ukorofi wa kaunta. Fikiria basi anayepakia. Kwenye ndege kama Boeing 737 au Embraer 190, mabegi hupangwa moja moja kwa mikono, na mpakiaji amepiga magoti kwa kuwa dari ya chumba cha mizigo ni fupi mno kusimama. Mgongo wake hauulizi lile begi lingine lina kilo ngapi. Ndiyo maana juu ya 23 kuna kikomo cha pili, kilo 32, na hicho kwa kawaida hakinunuliki. Begi la kilo 35 litarudishwa hata ukitoa dola ngapi. Utaligawa, au ulitume kando kama shehena (kago). (Namba zenyewe zinaonekana za ajabu kwa sababu ni ratili 50 na ratili 70 zilizogeuzwa kuwa kilo.)

Sasa ada, na hapa ndipo watu hupoteza fedha bila sababu. Kwenye uzani, unatozwa kwa kila kilo iliyozidi. Kwenye vipande, ada ya uzito mara nyingi ni ya mkupuo: begi la kilo 24 na begi la kilo 32 hulipa sawasawa. Kwa hiyo usilipe ada hiyo kwa ajili ya kilo moja ya majani chai. Ama punguza hadi 23, ama, kama umeshaamua kulipa, hamishia humo kila kizito ulichonacho hadi 31 na nusu. Kilo 25 ndiyo hesabu mbaya kuliko zote, na ndiyo ninayoikuta kila wiki.

Jihadhari pia na ada zinazopandana. Begi la tatu, lenye kilo 28, ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinapita sentimita 158, laweza kutozwa mara tatu: kwa kuwa la tatu, kwa kuwa zito na kwa kuwa kubwa. Televisheni na katoni za Eastleigh huingia kwenye mtego huu sana. Kabla hujafunga katoni, ulizia bei ya begi la ziada ukilinunua mapema mtandaoni. Mashirika mengi hutoza kidogo kuliko ukisubiri kaunta, ila dirisha hilo hufungwa saa kadhaa kabla ya safari. Kulipia mapema si lazima, lakini sijawahi kumwona mtu akipatana bei na kaunta akashinda. Pale si soko la Gikomba.

Yule mteja wa juzi, nikishamtuliza, alihamisha kilo saba kutoka begi moja hadi jingine. 23 na 23. Hakulipa hata shilingi.

"Mizani ya uwanjani imechezewa"

Nimesikia hili tangu nikiwa nafanya kazi kaunta. Mizani ya biashara nchini hutakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Ukiwa na shaka, omba begi lipimwe kwenye kaunta ya pili. Ni ombi la kawaida na hakuna atakayekufokea. Mara nyingi mwenye makosa ni mizani yako ya bafuni, ambayo begi huiegemea upande mmoja ikasoma nusu nusu. Panda wewe ukiwa umebeba begi, kisha upande bila begi, utoe tofauti. Bora zaidi nunua ile mizani ya kuning'iniza, ni ndogo kama kalamu nene na inauzwa kwenye maduka ya mabegi kila kona ya mjini. Na lipime begi likiwa tupu! Sanduku kubwa gumu laweza kuwa na kilo tano kabla hujatia soksi.

"Nikishapokelewa begi, limepokelewa hadi mwisho"

Kama safari nzima iko kwenye tiketi moja, kwa kawaida kanuni za shirika moja ndizo hutawala njia yote, hata ukibadilisha ndege za mashirika tofauti. Kama ulinunua tiketi mbili kwa kuwa ilikuwa nafuu, una safari mbili, na kila moja ina kanuni zake. Desemba ndipo kilio. Mtu anatoka London na mabegi mawili ya kilo 23, anafika Nairobi, anachukua ndege ya Kisumu kwa tiketi aliyonunua kando, yenye begi moja. Lile la pili analilipia papo hapo, huku mama anangoja Kisumu. Nimeshauri hadi nimekauka koo: ukinunua tiketi ya pili, soma mizigo ya tiketi ya pili.

Wanaopeleka wageni mbuga ya Maasai Mara kupitia Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, wana mkasa wao. Ndege zile ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15, begi la mkononi likiwa ndani ya hesabu, na begi liwe laini. Sanduku la magurudumu haliingii kwa sababu halikunjiki.

"Nisaidie na kilo zako"

Familia moja kwenye tiketi moja, mashirika mengi yatawakubali mabegi manne mkiwa wawili, kila begi kwa kikomo chake. Lakini mtu usiyemjua akikujia mlangoni na kifurushi "cha mgonjwa", kataa. Kibandiko cha begi kina jina lako, na yeye atakuwa ameshapanda matatu.

"Begi likipotea nitalipwa kila kilichokuwemo"

Kwa safari za kimataifa Kenya iko ndani ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Kikomo cha fidia, tangu Desemba 28, 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, ile fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ni kama dola 2,000. Hicho ni kikomo, si zawadi: utatakiwa kuonyesha thamani ya vitu. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Ripoti kabla hujatoka ukumbi wa kuwasili, na uitunze karatasi ya ripoti utakayopewa. Dhahabu, vyeti, dawa na kompyuta viwe mkononi.

"Pawa benki nimeificha vizuri katikati ya nguo"

Basi ndiyo itakayofanya begi lako lifunguliwe. Betri ya lithiamu isiyo ndani ya kifaa husafiri mkononi, kamwe si tumboni mwa ndege, kwa sababu ikishika moto kule hakuna wa kuizima. Hadi saa-wati (Wh) 100, karibu mAh 27,000 kwenye pawa benki, haihitaji kibali kwenye mashirika mengi. Ile isiyo na maandishi yoyote, uliyonunua barabarani, yaweza kunyang'anywa kwa kukosa maandishi tu.

"Chakula cha nyumbani hakina shida"

Kwa shirika la ndege, ndiyo, kilo ni kilo. Kwa forodha ya kule uendako ni habari nyingine. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu. Nilikuwa na mteja aliyelipia begi la ziada kwa ajili ya nyama kavu na mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, ya harusi ya dada yake. Alifika. Begi pia lilifika, likafunguliwa, na kilichobaki ndani ni kibuyu kitupu.