Je, kuzidisha oili kunailinda mashine kuukuu ya nyasi?

Kwa miaka kadhaa ningekujibu ndiyo, tena bila kusita. Mashine ya kukata nyasi niliyoachiwa na mjomba ina injini ya mipigo miwili, ile ambayo oili yake unaichanganya na petroli ndani ya tangi moja. Kibao chake kinasema 25 kwa 1, yaani sehemu 25 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Mimi niliweka karibu 15 kwa 1, kwa imani kwamba injini iliyochoka inahitaji mchanganyiko mzito. Ikaanza kupoteza nguvu, ikitoa moshi wa bluu. Fundi alipofungua ekzosi, tundu la kutolea moshi lilikuwa limezibwa na masizi magumu kama lami, pamebaki upenyo wa kupitisha kidole cha mwisho tu.

Kilichonipoteza ni lile neno "mzito". Fundi akisema mchanganyiko mzito, anazungumzia petroli na hewa. Mimi nilielewa petroli na oili. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na ajabu ni kwamba ukizidisha kimoja, kingine kinapungua.

Chukua kikombe cha chai. Ujazo wake haubadiliki, kwa hiyo kila kijiko cha maziwa unachoongeza kinachukua nafasi ya chai. Tundu la jeti kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nalo ni hivyo: linapitisha kiasi kilekile, liwe limebeba petroli tupu au petroli yenye oili. Kwenye 25 kwa 1, oili ni karibu asilimia 4 ya kinachopita. Kwenye 15 kwa 1 ni zaidi ya 6. Petroli inapungua, hewa inabaki ileile, na injini inapata mchanganyiko mwepesi kuliko mwanzo. Isitoshe, kimiminika chenye oili nyingi ni kizito kidogo, hivyo kinapita polepole zaidi.

Mchanganyiko mwepesi huongeza joto. Petroli ikivukiza hubeba joto na kuondoka nalo, kama maji ya mtungi wa udongo yanavyopoa kwa sababu mengine yanapenya na kukauka nje. Hata hivyo, tusilikuze jambo: tofauti ya asilimia 2 ni ndogo, na kabureta iliyorekebishwa vizuri inaweza kuimeza bila wewe kuona chochote. Masizi na plagi iliyolowa oili ndiyo madhara utakayoyaona kwanza.

Basi oili inalinda vipi? Mchanganyiko hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda kuchomwa. Pale hutokea kile anachokijua kila aliyewahi kupika mafuta ya nazi: unachemsha tui, maji yanaondoka, mafuta yanabaki sufuriani. Petroli huvukiza, oili hubaki kwenye beringi na kuta za silinda. Inayohitajika ni utando mwembamba usiokatika. Ya ziada hupanda na kuungua.

Vibao vya zamani vyenye 16 kwa 1 viliandikwa kwa ajili ya oili za wakati wake, za madini tupu. Mervyn Victor Richardson alipotengeneza mashine ya kwanza ya nyasi ya Victa huko Sydney mwaka 1952, tangi lake likiwa kopo la pichi, oili nzuri za leo hazikuwepo. Hata hivyo, mimi sishuki hadi 50 kwa 1, kipimo cha oili nyingi za leo, kwenye mashine kongwe. Nabaki na 25 kwa 1: mililita 40 kwa lita moja, ninazozipima kwa bomba la sindano la mililita 20, mara mbili.

Aina ya oili ina uzito kuliko hesabu yenyewe. Tafuta oili ya injini za mipigo miwili zinazopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FC au FD, viwango vya Kijapani vya oili. Oili ya boti, yenye alama ya TC-W3, ilitungwa kwa injini zinazopozwa kwa maji. Oili ya gari iache kabisa, kwa kuwa viungo vyake huacha majivu kwenye plagi na pistoni. Petroli ya kawaida inatosha, maana injini hizi hazigandamizi sana, ila isiwe na ethanoli ukiweza: huvuta unyevu na kulainisha mipira ya zamani. Changanya ya mwezi mmoja tu, na utikise galoni kabla ya kumimina.

Plagi ya mashine ya mjomba sasa ina rangi ya kahawia, kavu, kama ganda la korosho iliyokaangwa.